Kabla Uuze 504 ya Babu kwa Skrepu, Soma Kwanza Story ya Joginder Singh

Wacha nikuchoree picha, uniambie kama nakosea.

Umeenda ushago, kando ya Homa Bay ama ndani ndani huko Migori, kwa matanga ya babu. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kuna Peugeot 504. Babu alikuwa mwalimu wa zile siku mwalimu alikuwa mtu mkubwa, na hiyo ndai ndiyo ilikuwa jina lake. Watu walijua amefika kabla wamwone, kwa sababu walisikia injini ikipanda mlima. Sasa matairi yamelala, dashibodi imepasuka na jua, na kuku amehamia kiti cha nyuma akataga. Wazee wamekaa, wameongea, na mjomba amesema mbele ya watu kwamba hiyo gari ni yako, kwa sababu wewe ndiye ulikuwa unapenda kukaa kwa stering ukiwa mtoto.

Hapo ndipo noma huanza. Binamu mmoja anataka ipimwe kwa kilo, iende skrepu, mgawane doo. Mbogi ya mtaa inakuambia uishushe chini, upige rangi nyeusi isiyong'aa, uweke ekzosi ya kulia mpaka watu wa Rongo waamke. Wewe uko katikati, ganji huna, rada huna.

Kabla uamue, twende barabarani kidogo. Toka Migori, pita Rongo, pale barabara ya Homa Bay inaingilia. Panda Kisii, kata Sotik, halafu zama kwa majani chai ya Kericho. Hapo Kericho ndipo alizaliwa msee mmoja mwaka wa 1932, na maisha yake ni jibu la swali lako.

Jina lake ni Joginder Singh.

Mtoto wa spana

Singh maana yake ni simba, na wanaume wa Sikh hubeba hilo jina. Babake, Battan Singh, alitoka Punjab kule India akaja Kenya enzi za ukoloni. Masikh wengi waliingia nchi hii wakiwa watu wa kazi ya mikono: mafundi wa reli, maseremala, waashi, makanika. Ukienda town yoyote ya zamani ya Kenya, uliza wazee nani alifungua gereji ya kwanza. Mara nyingi utaambiwa ni Kalasinga fulani, na utaonyeshwa na duka lilikokuwa.

Joginder alikua ndani ya hiyo dunia. Alisoma, lakini shule yake ya ukweli ilikuwa gereji ya babake, pale alianza kama kijana wa kupitisha spana. Unajua hiyo kazi. Unaosha vyuma na mafuta taa, unashikilia tochi, unatumwa spana namba 13 unaleta 14 unapigwa na macho. Mikono inakuwa nyeusi hadi kucha. Polepole, bila mtu kukuambia umefuzu, unaanza kusikia injini ikiwa na shida kabla mwenye gari aseme.

Kile alipata kwa familia ni hicho. Ukoo wake haukumwachia ndai ya bei, ulimwachia mikono. Weka hiyo kwa akili, tutairudia.

Baadaye alifanya kazi ya doria kwa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabara ukisaidia watu waliokwama. Sasa fikiria hiyo kazi inakufunza nini. Mwenye gari anajua gari moja tu, yake. Mtu wa doria anaona gari za kila aina zikiwa zimekufa kando ya barabara, kwa vumbi, kwa matope, usiku. Anajua hii huvunjika springi, ile hupasuka tangi ya mafuta, ile nyingine huchemka kila mlima. Kabla Joginder ajulikane kama dereva, alikuwa ameshajua vile gari hufa.

Mbio ya kuvunja vyuma

Mwishoni mwa miaka ya 50, akiwa na kama miaka 26, akaanza kushindana.

Wewe Safari Rally unaijua ya Naivasha: kambi, nyama, Subaru zimejaa Vasha, gari inapita sekunde tatu halafu vumbi. Ile ya zamani ilikuwa kitu kingine. Ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa ya maelfu ya kilomita, mchana na usiku, wakati wa Pasaka. Na unajua Pasaka kwetu ni mvua. Kwa hivyo asubuhi unapigwa na vumbi, jioni unazama kwa udongo mweusi ule wa pamba, usiku unakutana na daraja limebebwa na mto.

Angalia hizi namba. Mwaka wa 1963, zaidi ya magari 80 yalianza. Yaliyomaliza ni 7. Watu wakadhani ni bahati mbaya ya mwaka mmoja, halafu 1968 ikarudia: zaidi ya 90 yakaanza, 7 yakafika.

Hiyo mbio haikuwa inauliza nani ana gari ya kasi. Ilikuwa inauliza gari ya nani bado ni gari siku ya nne.

Ndai iliyoachwa

Sasa ingia kwa story yenyewe.

Mwaka wa 1964, kampuni ya Volvo ya Uswidi ilileta timu yake ya kiwanda kwa Safari. Gari yao ilikuwa PV544. Ukiiona leo kwa picha utacheka. Ina milango miwili, mgongo wa mviringo kama kobe, sura ya magari ya miaka ya 40. Na kweli ilikuwa ya zamani: mwili wake ulitoka kwa PV444, ambayo Volvo iliionyesha watu mara ya kwanza mwaka wa 1944, vita vya pili vya dunia vikiwa bado vinaendelea. Lakini Ulaya hiyo kobe ilikuwa imewanyoosha wengi kwa rally.

Safari ya 1964 haikuwajali. Mambo yaliwaendea vibaya, na ushindi ukaenda kwa Peter Hughes na Ford Cortina. Timu ikarudi Ulaya. Gari zikaachwa huku zikauzwa, tayari zimechapwa na barabara zetu.

Joginder akachukua moja.

Tulia hapo kwanza. Hii ilikuwa mtumba, tena mtumba wa rally, kitu ambacho kimepigwa mawe chini na kurukishwa kwa mitaro. Wenyewe waliyoiunda, na pesa zao zote na makanika wao, hawakushinda nayo. Modeli yenyewe ilikuwa inaelekea kufa, kwa sababu Volvo ilisimamisha kuiunda mwaka huo wa 1965. Ungeambia mbogi kwamba umenunua hiyo, wangekuuliza kama uko sawa.

Lakini yeye alikuwa mtoto wa gereji. Gari iliyoshindwa ilikuwa imeshamwonyesha pale iko na udhaifu. Kazi iliyobaki ilikuwa kuifungua, kuikagua, kuirudisha, na kuimarisha zile sehemu barabara ya huku huzitafuta kwanza.

Na gari ya Safari ilikuwa inahitaji nini? Bamba nene la chuma chini ya injini, ili jiwe likigonga lisitoboe sampu. Springi na shoka za kubeba uzito na kuruka mashimo. Mabomba ya breki na ya mafuta kupitishwa pale mawe hayafiki. Taa za ziada za mbele, kwa sababu usiku wa huko hauna taa ya barabarani. Vyuma vya kukinga uso wa gari. Spea zaidi ya moja, kamba, jembe na panga. Rangi haikuwa kwa hiyo orodha. Kelele ya ekzosi pia haikuwa.

Pasaka ya 1965, Joginder akaingia na ndugu yake Jaswant akiwa kando, akisoma ramani na kuhesabu saa. Kwa mlango walikuwa na namba 1. Ukibeba hiyo namba, wewe ndiye wa kwanza kuingia barabarani. Hakuna alama ya tairi mbele yako ya kukuonyesha pale matope ni marefu. Ukikosea, wa nyuma wanajifunza kwako.

Wakashinda, na kwa pengo kubwa. Ndugu wawili kutoka Kenya, ambayo ilikuwa haijafikisha miaka miwili ya uhuru, ndani ya gari wenye kiwanda waliiacha. Kutoka hapo dunia ya rally ikampa jina la Sikh anayepaa.

Kubaki

Kuna kitu cha kizazi chake lazima ukijue, ndio uelewe uzito wa kilichofuata. Mwaka wa 1967 na 1968, Wakenya wengi wenye asili ya Asia walifunga mizigo wakaenda Uingereza. Uraia ulikuwa swali gumu, leseni za biashara na za kazi zilikuwa ngumu zaidi, na kila familia ilikuwa inakaa usiku ikijiuliza kama hapa ni nyumbani. Joginder alibaki kwa barabara za Kenya, akikimbia kila Pasaka, na wasee kando ya barabara, kutoka Kericho hadi pwani, walikuwa wanampigia kelele kama mtu wao.

Miaka 9 ikapita bila kushinda Safari tena. Alibadilisha magari, akapoteza, akarudi. Halafu 1974 akaja na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, akiwa na David Doig kama msoma ramani. Wakati huo Mitsubishi haikuwa jina la kutisha mtu kwa rally. Waliokuwa wanatisha ni Porsche, na ndani ya Porsche moja kulikuwa na Björn Waldegård wa Uswidi, dereva ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia. Joginder alimweka nyuma. Huo ndio ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi kwa ubingwa wa dunia wa rally. Zile Evo unaweka kwa simu kama picha ya skrini, ukoo wake unapita kwa msee wa Kericho.

1976 akarudia, tena na Doig, tena na Lancer, na Mitsubishi ikachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara 3.

Lakini hiyo 3 siyo namba ninataka ubebe. Beba hii: aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Kwa mbio ambayo mwaka mwingine ilikuwa inamaliza watu wote ibaki na 7, huyu alifika mara 19.

Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81.

Sasa turudi chini ya mwembe

Nimekwambia Joginder alishinda 1974 na 1976. Hujaniuliza nani alishinda katikati, 1975.

Ni Peugeot 504. Ove Andersson ndiye alikuwa anaendesha. Na 1978 jamaa wa Ufaransa, Jean-Pierre Nicolas, akashinda tena na 504, ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Kwa hivyo hiyo kitu kuku ametagia ni ukoo wa gari zilizosimama kwa jukwaa moja na Joginder. Babu hakununua ujinga.

Lakini isikupande kichwa, kwa sababu kuna mambo ya kufanya, na yana mpangilio.

Kwanza, karatasi. Mjomba amesema ni yako, sawa, lakini logibuku ina jina la marehemu. Kisheria hiyo bado ni mali ya urithi. Familia inaenda kortini, inapata barua za kusimamia mali, zinathibitishwa, ndiyo NTSA inabadilisha jina. Ukiweka laki zako kwa gari kabla ya hapo, siku binamu ataona imeng'aa ndiyo siku atakumbuka yeye pia ni mjukuu. Urafiki wenu ni wa bei kuliko hiyo gari, kwa hivyo malizeni hiyo maneno wakati bado inaonekana kama takataka.

Pili, usikimbilie kuipiga stata. Injini iliyolala miaka inaweza kuwa imeshikana ndani, na ukiilazimisha unavunja. Toa plagi, mwagia oili kidogo kwa kila silinda, uiache ilale hivyo siku kadhaa. Halafu zungusha injini kwa mkono na spana, polepole, ukisikiza. Ikizunguka, una bahati. Mwaga petroli yote ya zamani, osha tangi na kabureta, badilisha oili, angalia radieta na mabomba yake. Breki zifunguliwe zote, kwa sababu raba za ndani hukauka. Gari ya kuwaka bila breki ni jeneza lenye injini.

Tatu, kutu. Inua mazulia, gonga sakafu na bisibisi. Pale inaingia kama mkate, kata, uchomelee bamba jipya. Usikubali fundi akujazie pati juu ya kutu halafu apige rangi. Mvua mbili tu na utaona ukweli. Na mafundi tunao. Wale wachomeleaji wa Migori wanaounda mashine za kusaga mawe ya dhahabu za kule Nyatike wanajua chuma nene kuliko wengi walio na ofisi Nairobi. Mmoja wao akikutengenezea bamba la kukinga sampu, hilo litakuzika wewe.

Nne ndipo tuongee kubadilisha gari. Hapa nitakukosea, lakini wacha niseme. Ile kitu ilifanya 504 ipendwe Afrika nzima ni springi ndefu na tumbo lililo juu. Inapita shimo kama mtu anayeruka mtaro bila kumwaga chai. Ukikata springi ndiyo ikae chini, umekata sababu ya hiyo gari kuwa na jina. Utakuwa umerithi 504 ukaendesha kitu kingine, na barabara ya kuingia kwa boma itakuchapa kila Desemba.

Badilisha, lakini badilisha kama mtoto wa gereji. Weka feni ya umeme, kama foleni ya Nairobi inaichemsha. Weka taa zinazoona. Weka mikanda ya usalama ya kisasa, hata nyuma, kwa sababu siku moja utabeba mathe na watoto. Weka shoka mpya, ngumu kidogo. Waya zote zipitishwe upya, maana panya wa ushago hawana huruma. Ukibadilisha injini au rangi, hakikisha logibuku imejua. Rangi ipigwe mwisho kabisa, na kama ganji imeisha kabla ufike hapo, iendeshe hivyo hivyo na mabaka yake.

Na usifanye haya yote kwa kumwachia fundi ufunguo halafu urudi baada ya miezi mitatu. Kaa hapo. Shikilia tochi. Tumwa spana namba 13, leta 14, uchekwe. Joginder alipata Volvo iliyotupwa akaishinda nayo dunia kwa sababu miaka mingi kabla ya hapo alikuwa amekaa chini ya magari ya watu wengine. Babu naye, kama ni wale wazee ninawajua, alikuwa anafungua boneti kila Jumapili akichunguza maji na oili. Hilo zoea ndilo urithi wenyewe. Bila hilo, binamu ana haki: bora skrepu, angalau mtapata ya soda.

Wikendi hii panda gari ya Migori ama ya Homa Bay. Beba spana ya plagi na lita moja ya oili. Omba ruhusa kwa dani kabla uguse kitu, maana hiyo ilikuwa gari ya bwanake kabla iwe yako, na pengine ana story zake ndani.

Halafu fukuza huyo kuku. Mayai mwachie dani.